Je, Wajua? Bei ya Hita Si Gharama ya Hita

Mgeni akisikia kuna watu wa Mombasa wanaopasha moto maji ya kuoga, hucheka. Mji wenyewe unatoa jasho usiku wa manane, maji ya moto ya nini tena? Muulize mzazi aliye ndani ya arubaini anayekandwa. Muulize bibi mwenye magoti yanayouma, au yeyote anayeamka kuoga alfajiri ya Julai huku kusi likivuma. Hita zimo majumbani, na kila hita ina siku yake ya kufa. Siku hiyo dukani utatajiwa bei. Haya hapa ni yale ambayo bei haisemi.

MAJINA NA UKOO

1. Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja la chombo cha kuchemshia chai na la hodhi la maji? Ni birika. Moja liko jikoni juu ya moto, jingine liko msikitini watu wakitawadha. Hita ya tangi ni mabirika yote mawili kwa pamoja: inahifadhi maji na inayachemsha. Ndiyo maana ina njia mbili za kufa, kuungua na kutoboka.

2. Je, wajua kwamba "maji baridi" si lazima yawe ya baridi? Kwa Waswahili ni pia maji yasiyo na chumvi, yale yanayoitwa maji matamu au maji ya pepo. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuchemsha maji baridi. Akikosa hayo akachemsha ya chumvi, hita itamlipiza. Lishike neno chumvi, maana litarudi kwenye hesabu.

3. Je, wajua kwamba maji ya moto ya kuogea si mambo ya juzi pwani kwetu? Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alijengesha hamamu ya umma mjini Zanzibar yenye sehemu za maji ya moto na za maji ya baridi. Mtaa wake unaitwa Hamamni mpaka leo. Jengo lipo, moto ndio uliozimika zamani.

4. Je, wajua kwamba Sultani huyohuyo yumo katika ukoo wa bili yako ya umeme? Mwaka 1875 alinunua jenereta ya kuwashia taa kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ikawa mwanzo wa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana, na tangu 1983 mrithi wao anaitwa Kenya Power and Lighting.

5. Je, wajua kwamba yamewahi kuingia Mombasa maboila yenye magurudumu? Ni injini za mvuke za daraja la 59, jumla 34, zilizoletwa miaka ya 1955 na 1956 kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Gelai imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Ukipita karibu nayo, kumbuka kwamba ndani yake hamna siri: moto, maji na bomba, kama hita yako.

6. Je, wajua kwamba boila dogo kuliko yote Mji wa Kale linatembea kwa miguu? Ni dele la mwuza kahawa. Chini pana makaa mawili matatu yaliyofunikwa majivu, juu kahawa chungu ya tangawizi. Mkono mmoja umeshika dele, mkono wa pili unagonganisha vikombe, na watu wa barazani wanajua amefika kabla hawajamwona. Mtazame anavyofanya hesabu: moto mdogo, kifuniko hakifunguliwi ovyo, na hachemshi asichouza. Ukiiga hilo tu nyumbani, bili itapungua.

HESABU YA NDOO MOJA

7. Je, wajua kwamba hesabu nzima ya hita iko ndani ya namba moja, 860? Uniti moja ya umeme hupandisha joto la lita 860 za maji kwa nyuzi 1. Basi zidisha lita kwa nyuzi unazotaka kupandisha, gawanya kwa 860, unapata uniti. Hakuna kampuni inayoweza kuipinda kanuni hii, hata tangazo lake liwe na rangi namna gani.

8. Je, wajua kwamba ndoo ya kuoga Mombasa ni rahisi kuipasha? Tuseme maji ya tangi alfajiri yana nyuzi 27, nawe unataka 40. Hapo ni nyuzi 13 tu. Lita 20 mara 13 ni 260, gawanya kwa 860, unapata uniti 0.3.

9. Je, wajua kwamba ndoo hiyohiyo bara hula karibu mara mbili? Mahali ambapo maji ya bomba yana nyuzi 17, lazima yapandishwe nyuzi 23, nayo ni uniti 0.53. Kwa hiyo ushauri wa shemeji yako wa Limuru kuhusu ukubwa wa hita ni ushauri mzuri wa Limuru.

10. Je, wajua kwamba bibi hakukosea aliposema chemsha sufuria ndogo kisha upoze kwa maji ya mtungi? Ndoo ya lita 20 ya nyuzi 40 inahitaji lita tatu na nusu tu za maji yanayochemka, zilizobaki ni za mtungini. Anayechemsha ndoo nzima hadi ipige povu hutumia uniti 1.7, karibu mara sita, kisha anakaa kuisubiri ipoe.

11. Je, wajua kwamba familia ya watu watano, kila mtu ndoo moja kwa siku, hutumia uniti 45 kwa mwezi kwa kuoga tu? Watano mara 0.3 ni uniti moja na nusu, mara siku 30. Tuchukue shilingi 30 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni 1,350 kwa mwezi. Bili yako ina namba yake, basi itumie hiyo.

12. Je, wajua kwamba hita inaweza kukupandisha daraja? Tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani nchini Kenya ina ngazi tatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliopita 100. Nyumba inayotumia uniti 70 ikiongeza 45 za hita inafika 115. Hapo hulipi hizo 45 peke yake. Bei ya uniti yenyewe hubadilika. Huo ni mstari wa kwanza wa hesabu ya gharama ambao watu wengi husahau kuuandika.

WAYA NA SWICHI

13. Je, wajua kwamba hita ya papo hapo ya wati 5,500 huvuta ampea 23 hivi? Gawanya 5,500 kwa volti 240 za umeme wetu. Soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13, mwisho wake wati 3,120. Ndiyo maana hita ya namna hiyo hutaka waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, mnene, wa milimita za mraba 4 au 6, pamoja na swichi yake inayojikata.

14. Je, wajua kwamba katika nyumba kuukuu waya huo unaweza kugharimu zaidi ya hita? Boksi la umeme liko chini mlangoni, bafu liko dari ya pili nyuma. Pima kwa hatua zako kabla ya kwenda dukani, halafu ongeza kupanda ukuta na kushuka. Mita za waya ni mstari wa pili wa hesabu.

15. Je, wajua kwamba hita nyingi zinazouzwa kisiwani zina nguvu kuliko tunazohitaji? Bomba la mvua linalotoa lita tatu na nusu kwa dakika, likipandisha maji nyuzi 13, linahitaji wati 3,200 hivi. Ile ya 5,500 itakuchoma ngozi uanze kuongeza maji. Mwenye hita yenye ngazi za joto aiweke ya chini. Anayenunua mpya aulize kama ipo ndogo.

16. Je, wajua kwamba waya wa ardhi si pambo? Hita ya papo hapo huweka umeme na maji mahali pamoja, nawe umesimama hapo bila viatu. Fundi akikwambia "hata bila ardhi itafanya kazi", amesema kweli. Itafanya kazi mpaka siku moja. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati nchini, na malipo yake yaandike kama mstari wa tatu.

CHUMVI, MLAJI WA HITA

17. Je, wajua kwamba hita za papo hapo zinauzwa kwa aina mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi? Ya kwanza koili yake iko uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, kwa hiyo koili hiyo huliwa upesi na mtu anaweza kutetemeshwa akishika bomba. Ya pili koili yake imefunikwa. Bei zake hazilingani, na kwa nje zinafanana kama pacha.

18. Je, wajua mwandishi wa safu hii alijifunzaje hilo? Kwa kuua hita mbili. Ya pili fundi aliifungua barazani kwetu Kibokoni. Akageuza kifuniko, pakamwagika unga mweupe kama chokaa. Koili ilikuwa imevaa maganda magumu kama kipande cha tumbawe, na katikati imekatika, ncha zake nyembamba kama sindano. Akachovya kidole katika maji yaliyobaki, akaonja, akatema. "Hii ni ya maji matamu," akasema, "na wewe unaoga kisima." Muuzaji hakuniuliza maji yangu ni ya wapi. Nami sikumwambia. Swali la sekunde mbili lilinigharimu hita nzima.

19. Je, wajua kwamba bomba lako linaweza kubadilisha dini bila kukuarifu? Nyumba nyingi kisiwani zina tangi moja juu. Maji ya bomba yakija hujazwa hayo, yakikatika hujazwa ya kisima au ya mkokoteni. Hita haijui tofauti, inapokea tu. Kama hata mara moja kwa mwezi tangi lako hupata maji ya kisima, nunua hita ya maji ya chumvi.

20. Je, wajua kwamba hata Wareno walishindwa na chumvi ya kisiwa hiki? Ngome ya Yesu, iliyojengwa kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ina kisima kirefu ndani yake, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi mno kwa kunywa, yakatumika kuoshea. Humo ngomeni mna pia birika la kukinga maji ya mvua. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari. Ukichimba, maji ya chumvi ndiyo utakayoyapata.

21. Je, wajua kwamba maji matamu ya Mombasa ni msafiri? Bomba la Mzima, lililofunguliwa 1957, huyaleta kutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, safari ya kilomita 220 hivi. Mengine yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, mengine Marere na Tiwi upande wa kusini. Yakichelewa njiani, kisima kinaingia kazini, na hita yako ndiyo inayolipa nauli.

22. Je, wajua kwamba ndani ya hita ya tangi mna fimbo iliyowekwa ili iliwe? Ni ya magnesiamu. Kutu huila fimbo kwanza na kuliacha tangi. Ikiisha, kutu hugeukia chuma. Watu wengi hutupa tangi zima kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba fimbo hubadilishwa. Mwambie fundi aifungue kila mwaka. Katika maji yetu, usisubiri miaka mitano iliyoandikwa kwenye kijitabu.

23. Je, wajua kwamba hita ya tangi la lita 50 hutumia uniti 1.9 kuyafikisha maji nyuzi 60 kutoka 27, na yenye wati 1,500 huchukua saa moja na robo hivi? Kisha ukiiacha imewashwa mchana kutwa, joto hutoka pole pole na umeme unalirudisha, hata kama nyote mko kazini. Iwashe kabla ya kuoga, izime ukimaliza. Ila usiiweke vuguvugu siku zote: nyuzi 60 ndizo zinazozuia bakteria wa lejionela kuzaana ndani ya tangi.

MWAKA MMOJA, MIAKA MITANO

24. Je, wajua kwamba hita ya bei nafuu inaweza kuwa ndiyo ghali? Chukua mfano wa kujifunzia: hita shilingi 6,000, waya na swichi 4,000, fundi 3,000. Jumla 13,000. Ikiishi miaka mitano, ni 2,600 kwa mwaka. Ikiliwa na chumvi kwa miaka miwili, ni 6,500 kwa mwaka. Ile ya maji ya chumvi, hata ikikuzidishia 3,000 dukani, ikifika miaka mitano ni 3,200 kwa mwaka. Gawanya kwa miaka kabla hujamwambia muuzaji apunguze.

25. Je, wajua kwamba katika mfano huo umeme unaipita hita mara sita? Shilingi 1,350 mara miezi 60 ni 81,000. Hita na ufundi wake ni 13,000. Tunabishana saa nzima dukani juu ya mia tano, kisha tunarudi nyumbani kuoga dakika ishirini.

26. Je, wajua ni lini utengeneze na ni lini ubadilishe? Kipimo changu ni hiki: ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei ya mpya, na hita imekwisha kula nusu ya umri wake, iage. Ikiwa ni koili tu na mwili mzima, tengeneza. Ikiwa tangi linavuja tumboni, usitie hata shilingi. Kiraka cha leo ni dimbwi la kesho.

27. Je, wajua kwamba hita mfu ina thamani? Ina shaba na chuma. Lakini iuze kwa mnunuzi mwenye leseni na udai risiti. Mapema 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu. Kiasi utakachopata, kitoe kwenye jumla yako.

GESI, MAKAA NA JUA

28. Je, wajua kwamba mtungi wa gesi wa kilo 6 una joto la uniti 77 hivi? Jikoni karibu nusu hupotea pembeni mwa sufuria, zikabaki 38, za kutosha ndoo 127 za kuoga. Kwa shilingi 30 kwa uniti, 38 hizo zingegharimu 1,140 za umeme. Basi kanuni ni hii: kujaza mtungi kukiwa chini ya 1,140, oga kwa gesi, kukizidi, umeme ni nafuu.

29. Je, wajua kwamba gesi hiyo hupita mlangoni petu? Shimanzi, humuhumu kisiwani, ni miongoni mwa mahali meli za gesi ya kupikia zinaposhushia. Lakini kuwa karibu na bandari hakukuepushi na kodi. Julai 2021 gesi iliwekewa kodi ya asilimia 16, Julai 2022 ikashushwa hadi 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Anayepanga miaka mitano apange na mabadiliko ya Bunge pia.

30. Je, wajua kwamba kilo moja ya makaa, kwenye jiko bora lenye udongo ndani na bati nje, hupasha ndoo sita hivi? Majiko hayo yalienea Kenya tangu miaka ya 1980 na hupunguza makaa sana kuliko la bati tupu. Lakini seredani isiingie bafuni wala chumbani pa kulala. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na haikuamshi.

31. Je, wajua kwamba mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni za kupasha maji kwa jua? Ziliagiza majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua. Familia yetu ya watu watano iko chini sana ya hapo: ndoo zao tano ni lita 40 tu za maji ya nyuzi 60, zikichanganywa na 60 za maji ya tangi. Anayekuuzia mtambo wa lita 300 anakuuzia joto la majirani.

32. Je, wajua kwamba kibla ndicho kipimo cha kufungia hita ya jua Mombasa? Sisi tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi 4, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini. Makka iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na Mombasa, kaskazini moja kwa moja. Mihirabu ya Mji wa Kale imekwisha kukupimia. Mwelekeze fundi huko, ila paneli ainamishe kiasi ili mvua iisafishe na maji ya moto yapande tangini yenyewe.

33. Je, wajua kwamba lita 200 za maji ni kilo 200, kabla hujahesabu tangi, paneli na vyuma? Paa la mabati juu ya boriti za mikoko zilizobeba vizazi vitatu halikuombwa mzigo huo. Mpandishe fundi wa ujenzi kwanza. Malipo yake ni madogo kuliko dari iliyoshuka.

UKUTA WA BABU

34. Je, wajua kwamba urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya Mji wa Kale? Mti wa mkoko una mwisho wake, karibu mita tatu, kwa hiyo chumba kikawa chembamba na kirefu, kuta nene za matumbawe na chokaa. Keekee fupi ya dukani haifiki upande wa pili. Na ukuta huo ukigongwa ovyo hubomoka kama mkate mkavu. Fundi aliyezoea matofali ya saruji aulizwe kwanza kama amewahi kutoboa tumbawe.

35. Je, wajua kwamba uso wa nyumba yako Mji wa Kale si wako peke yako? Eneo hilo linalindwa kisheria kama turathi, na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Tangi juu ya paa linaloonekana kutoka Ndia Kuu, au bomba linalopita kando ya roshani iliyonakshiwa, liulizie ruhusa kabla. Kuulizia ni safari moja, kubomoa ni gharama mbili.

NA WALIOKO UBARIDINI

36. Je, wajua kwamba jamaa yako wa London analia zaidi yako boila likifa? Kwake halipashi maji ya kuoga tu, linapasha nyumba nzima. Nyumba ya kawaida Uingereza hukadiriwa kutumia uniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Familia yetu ya ndoo tano hutumia 540 za umeme kuoga. Yeye anachoma mara 21.

37. Je, wajua kwamba huko fundi wa boila la gesi lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, lililoanza 2009? Hata kama binamu anajua kazi, haruhusiwi kuligusa. Na anayetaka kuachana na gesi, katika England na Wales, serikali humpa ruzuku ya pauni 7,500 afunge pampu ya joto. Hiyo ni eyakondishena iliyogeuzwa: inachota joto la nje na kulileta ndani, mara nyingi uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme. Wao wanalitafuta joto kwenye baridi. Sisi linatuzunguka bure.

38. Je, wajua kwamba hesabu yote hii inaenea nyuma ya risiti moja? Kabla hujaenda Marikiti au Barabara ya Digo, andika mistari saba: maji yangu ni matamu au ya chumvi, tuko wangapi, mita ngapi za waya, ukuta au paa la namna gani, fundi kiasi gani, miaka mingapi, na uniti ngapi kwa mwezi. Bei ya hita iandike ya nane, ya mwisho. Na muuzaji asipokuuliza habari ya maji yako, mwambie wewe.